Mayu, Dawa Yako Haiponyi Kila Kidonda

Mayu wangu,

Shikamoo. Ningekuwa mbele yako ningepiga goti kama ulivyonizoesha, nawe ungeitikia huku unaangalia visigino vyangu kama vimepasuka. Sasa nakuamkia kwa maandishi. Hukuwahi kujifunza kusoma, na huko Lindi ulikozikwa hakuna atakayekusomea. Kwa hiyo naiacha barua hii wazi, wasome watu, kwa sababu wengi wao ndio wanaoniuliza swali ambalo siwezi kulijibu bila kukutaja wewe.

Swali lenyewe ni hili. Nauza mafuta ya maua ya kalendula hapa Viwanja Sitini, Ifakara, na kabla sijampa mtu kikopo namuuliza anataka kupaka wapi. Akisema midomo, visigino, mchubuko, au mtoto aliyechubuliwa na nepi, namuuzia na kumshukuru. Akisema kidonda, namwomba anionyeshe. Kama kidonda ni cha siku nyingi, au kinanuka, au mwenyewe ana kisukari, simuuzii. Namwelekeza hospitali. Wengine huondoka wamenuna. Majirani wanasema najinyang'anya riziki kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa hata kikundi changu cha wanawake tunaotengeneza mafuta kimegawanyika. Wanauliza, huyu mwanamke ana nini?

Wacha niwaambie habari zako.

Wasiokujua wajue kwamba mayu kwa Kisukuma ni mama. Ulikuwa mama mkwe wangu. Mlikuja hapa bondeni kwetu na ng'ombe mkitokea Shinyanga, mkapita Usangu, mkaweka boma lenu mbele ya Namawala, karibu na mbuga inayofurika wakati wa masika. Mimi nimezaliwa Michenga, kwenye mpunga. Mwanao Masanja hakupenda kuchunga, alikuja mjini kujifunza ufundi wa pikipiki, na ndiko tulikoonana. Aliponiposa, baba yangu aliuliza kama huko ninakokwenda wanajua tofauti ya mpunga na majani. Msimu ule ng'ombe walikuwa wameingia kwenye majaruba yetu ya mpunga. Hawakuwa ng'ombe wenu, lakini kwa baba ng'ombe wote wa bondeni walikuwa wa mtu mmoja. Na kwenu, Masanja aliniambia baadaye, wewe ulisema msichana wa Kindamba atamlisha mwanao wali na samaki mpaka asahau ladha ya maziwa.

Tulioana hivyohivyo, tukapanga vyumba viwili hapa mjini. Ulikuwa unanisalimia kwa adabu na mimi nakuitikia kwa adabu. Zaidi ya hapo hatukuwa na neno la kuambiana.

Nilipomzaa Milembe, mama yangu alikaa nami kwa muda mfupi akarudi shambani, maana ndege walikuwa wanamaliza mpunga. Ukaja wewe. Bado nakuona ukishuka kwenye pikipiki asubuhi, kibuyu cha maziwa mkononi, shuka lako la bluu begani. Ulinikuta nimeuma kanga kwa meno huku mtoto ananyonya. Chuchu zangu zilikuwa zimepasuka mpaka zinatoa damu, na kila Milembe alipolia nilitamani kujificha. Jirani alikuwa ameshaniambia nimwanzishie maziwa ya kopo.

Hukuuliza kitu. Ulinawa mikono, ukapitisha kidole pembeni ya mdomo wa mtoto, ukamtoa titini taratibu. Ukanionyesha kwamba alikuwa anashika ncha tu, na kwamba anatakiwa kujaza mdomo. Kisha ukafungua fundo la kanga yako, ukatoa kikopo kidogo chenye mafuta ya rangi ya dhahabu yaliyonukia samli, ukanipaka wewe mwenyewe kwa ncha ya kidole. Mimi nilikuwa nimekauka kwa aibu.

"Haya huwa nawapaka ng'ombe," ulisema. "Na kabla ya ng'ombe nilijipaka mwenyewe, kwa sababu ya huyu Masanja. Naye alikuwa na fizi kama koleo."

Nilicheka. Iliniuma nilipocheka, lakini nilicheka. Ukaniagiza nipake kila baada ya kunyonyesha, na nijifute kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kabla ya kumpa mtoto tena. Ulikaa kwetu mpaka uliponiona nanyonyesha bila kuuma kanga. Maziwa ya kopo hayakuingia nyumbani kwangu.

Ndipo nilipokuuliza mafuta yale ni ya nini. Ukaniambia kwamba ulipokuwa msichana huko Usukumani, ulikuwa unachota maji ya kumwagilia bustani ya wodi ya wazazi kwenye misheni moja, na mkunga wa pale alikuwa na tuta la maua ya rangi ya chungwa. Aliyachuma, akayakausha, akayaloweka kwenye mafuta kwa ajili ya wanawake waliojifungua na watoto wao. Wewe uliomba mbegu. Kila mlipohama na ng'ombe, mbegu zilihama nawe zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, mbegu kavu zilizojikunja kama kucha. Jina hukulijua. Ulisema ua la mkunga, basi. Mimi ndiye niliyekuja kuambiwa na bibi shamba kwamba linaitwa kalendula, nawe ulipolisikia jina ulilijaribu mdomoni mara kadhaa, kisha ukasema ua la mkunga ni rahisi zaidi.

Baada ya hapo nikawa nakuja bomani bila kualikwa. Huko ndiko nilikoona kitu ambacho sikukielewa uzito wake wakati ule. Ng'ombe wako mmoja, yule mwekundu uliyempenda, aligoma kukamuliwa. Chuchu zilikuwa zimepasuka kidogo, na mimi nikakimbilia kikopo ili nikuonyeshe kwamba nimejifunza. Ulinizuia. Uliweka kiganja kwenye kiwele, ukakamua matone machache mkononi, ukanusa.

"Weka hicho," ulisema. "Kiwele kina moto na maziwa yananuka. Mafuta ni ya ngozi. Huyu anaumwa ndani." Ukamtuma mtu amwite bwana mifugo, akaja na sindano yake, na ng'ombe akapona.

Miaka ikapita. Milembe alikuwa ameanza shule ulipokanyaga kisiki cha tete kule mbugani. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kidogo, kama kimechimbwa na kijiti. Nilikiona nilipokuja kukusalimia, nawe ulikuwa umekipaka mafuta yako na kukifunga kitambaa. Nikakuuliza kama kinauma.

"Hakiumi hata kidogo," ulisema, na ulisema kwa fahari, ukaukanyagia chini ule mguu ili nione.

Nilipokuja tena kidonda kilikuwepo. Nilipokuja mara nyingine kilikuwa kimepanuka, kingo zake zimekuwa nyeupe, na bado ulisema hakiumi. Niliona pia kwamba umekonda, kwamba kibuyu cha maji hakikai mbali nawe, kwamba unatoka nje kujisaidia kila mara. Nilikuwa nimeambiwa kliniki, wakati wa ujauzito wangu, kwamba hizo ni dalili za kisukari. Nikamwambia Masanja. Akasema mama yake ndiye daktari wa boma zima, nani wa kumwambia aende kwa daktari mwingine?

Siku ile ninayoikumbuka kuliko zote, ilikuwa mchana, jua kali, wanaume wamerudisha ndama zizini. Uliniomba nikupake mafuta kwa sababu kuinama kulikuwa kumeanza kukupa kizunguzungu. Nikachukua beseni ili nikuoshe mguu. Nilipofungua kitambaa harufu ilinipiga usoni. Wewe ulikuwa unaniangalia, unasubiri nichovye kidole kwenye kikopo.

Nikakifunika kikopo.

"Mayu, leo sikupaki," nilisema. "Twende hospitali."

Ulidhani nakutania. Halafu ukaona sitanii, na uso wako ukabadilika. Luhende, mwanao mkubwa aliyekuwa mwenye boma tangu baba yao afariki, alisikia akasogea. Alisema hospitali wanakata miguu, kila mtu anajua. Alisema kuna mganga anayeaminika ng'ambo ya mto, wamempeleka huko mjomba wao. Alisema mambo mengine pia, kwamba mimi ni mgeni katika boma lile na kwamba mkamwana hampangii mama mkwe. Sikumjibu vibaya shemeji yangu. Nilibaki nimepiga magoti mbele yako na beseni, nikarudia kwamba twende hospitali.

Ndipo uliposema lile lililoniumiza.

"Restituta, unanifukuza kwenye dawa yangu mwenyewe?"

Hukuwa umeniita Restituta tangu Milembe azaliwe. Siku zote nilikuwa Mama Milembe. Lakini nilijua nikiinuka pale bila wewe, nitakayerudi kumwosha atakuwa maiti.

"Yule ng'ombe mwekundu alipoumwa ulimwitia bwana mifugo," nilikuambia. "Hukumpaka mafuta. Wewe ni mdogo kuliko ng'ombe, Mayu?"

Luhende aliangalia pembeni. Wewe ulinitazama muda mrefu, kisha ukautazama mguu wako kama vile ni wa mtu mwingine. Ukaomba kanga ya kutokea.

Tulikodi bajaji Namawala. Barabara ilikuwa imechimbika na mvua, na mguu wako niliupakata njia nzima ili usigonge. Hukunisemesha. Pale hospitali walikupima damu wakasema sukari yako iko juu mno, na kwamba imekuwa hivyo kwa muda mrefu, ndiyo maana mguu ulikuwa umekufa ganzi na hukusikia maumivu uliyotakiwa kuyasikia. Kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Walikukata vidole viwili. Daktari, kijana mpole, hakuyasema vibaya mafuta yako. Alinieleza kwamba mafuta hayakukudhuru. Kilichokudhuru ni zile siku ulizosubiri yafanye kazi ambayo si yake. Akasema tungechelewa kidogo tena, angekata juu ya kifundo, au asingekuwa na cha kukata.

Luhende aliwaambia watu bomani kwamba msichana wa Michenga amempeleka mama yake akakatwe. Maneno hayo yalifika mpaka hapa mtaani. Na wewe, Mayu, uligeukia ukuta. Chakula ulikipokea kwa Masanja tu. Nilikuja kila siku na uji wa ulezi usio na sukari, nikauweka mezani, nikakaa kwenye benchi, nikaondoka nao ukiwa umepoa. Kesho yake nilipika mwingine. Jirani yangu aliniuliza kwa nini najisumbua. Nilijua tu kwamba sitaacha kuja kabla wewe hujaacha kukaa kimya.

Ukimya wako uliisha ghafla. Nilikuwa nakusanya vyombo, ukasema ukiwa bado umeelekea ukutani:

"Mama Milembe, ile harufu uliisikia tangu lini?"

Nikakuambia, siku ileile tu. Kisha ukasema wewe hukuisikia kabisa, pua zako zimeshazoea zizi. Ukageuka, ukaniambia nikija kesho nilete kikopo cha mafuta. Niliogopa, nikadhani tunaanza upya. Ukaiona hofu yangu.

"Si ya kidonda," ulisema. "Huu mguu usiokatwa kisigino kimekauka kwa kulala. Muulize daktari kama anaruhusu."

Daktari aliruhusu. Nilikupaka kisigino cha kushoto huku wagonjwa wa vitanda vya jirani wakiuliza mafuta hayo yananukia nini, nawe ukaanza kuwaeleza ua la mkunga, na uji ukaunywa wote.

Ulipotoka hospitali hukurudi bomani. Ulikaa kwetu kiangazi kizima, na kile ndicho kiangazi ninachokishukuru kuliko vyote. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kisichotumika. Ulikaa kwenye kiti, mguu umeulaza juu ya ndoo iliyofunikwa, ukanielekeza nikuandalie matuta. Ulinifundisha kwamba ua hili halipendi joto letu, kwa hiyo lisiwe la kupandwa wakati wowote. Mbegu ziingie ardhini masika yanapokatika, ili limee na kuchanua kwenye ubaridi wa kiangazi, na likae mahali ambapo jua la mchana linakatwa na ukuta. Nilimwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Milembe alihesabu machipukizi, akakuletea habari kitandani.

Maua yalipofunguka uliniamuru nisiguse mpaka umande ukauke. Nichume yaliyofunguka kabisa, na nikishika kikonyo chake nisikie ulimbo ukinata vidoleni. Lisilonata, uliniambia, ni la kupendezesha meza. Nikayaanika kivulini juu ya chandarua cha zamani, siku nyingi, mpaka katikati ya ua pavunjike kwa kidole. Nilipotaka kuharakisha ulinikatalia. Maji kidogo yakibaki ndani ya ua, chupa nzima inaota ukungu. Nikaomba tuache samli, kwa sababu wanawake wa mjini hawataki kunukia zizi, na wewe ukakubali kwa shingo upande tujaribu mafuta ya alizeti. Tukajaza maua kwenye chupa, tukayafunika kwa mafuta, tukayaacha mpaka mafuta yakageuka rangi ya machweo. Tukachuja kwa kitambaa, tukayeyusha nta ya nyuki ndani yake, tukamimina vikoponi. Ulichovya kidole, ukajipaka nyuma ya mkono, ukasema, "Haya ni mafuta ya watu wanaolala kitandani." Nilijua umeyapenda.

Wanawake wakaanza kuja. Walianza wa mtaani, kisha wa mashambani, miguu yao imepasuka kwa kushinda kwenye tope la mpunga. Wengine walitaka ya watoto, wengine ya midomo, wengine ya mikono iliyoharibiwa na sabuni za kufulia. Tulijaribu sabuni ya kuogea yenye maua ndani, ikapendwa. Chai ya maua tuliitoa kwa kusukutua mdomo wenye vidonda vidogo vya fizi, si kwa kumeza, na mwenye mimba ulimkataza kabisa. Kila mgeni ulimpaka kwanza kidogo ndani ya mkono, ukamwambia akalale nayo, akiwashwa asirudi.

Alikuja dada mmoja aliyekuwa anataka uso uwe mweupe. Alikuwa ameshapaka mkorogo, mashavu yamebabuka na kuwaka. Mimi sikujua nianzie wapi. Wewe ulimvuta karibu, ukamwambia aache kwanza alichokuwa anapaka, aende akaonwe na wa hospitali, na hiyo ngozi ikishatulia ndipo aje. "Haya hayabadilishi rangi," ulimwambia. "Yanalainisha rangi uliyo nayo." Alirudi baadaye, uso umepoa, akawa mteja wetu mpaka leo.

Na ilikuwa hapohapo, kwenye kiti kile, ulipoanza kuwauliza watu maswali. Akija mwenye kidonda: kina muda gani? Kinauma au hakiumi? Kiu unayo? Fungua nione. Walioona haya uliwaonyesha mguu wako. Ulifunua shuka, ukanyoosha ule mguu wenye pengo, ukasema, "Mimi ndiye mwenye dawa, na mimi ndiye niliyekatwa. Nenda hospitali." Niliwahi kukuambia kwamba tunapoteza wateja. Ulinitazama kama siku ile bomani.

"Wewe uliponikatalia kunipaka, nilikuwa mteja?" uliniuliza.

Sikulisema tena neno hilo.

Kisha ikaja amri ya kupunguza mifugo bondeni, na wafugaji wengi wakaanza kuelekea kusini. Luhende akaamua mhamie Lindi. Nilikuomba ubaki kwetu. Masanja alikuomba. Milembe alikukumbatia kiunoni akakataa kukuachia. Ulisema umekuwa ukifuata mikia ya ng'ombe tangu ujue kutembea, na kwamba vidole vilivyobaki vinatosha kuifuata. Ulichukua vidonge vyako na mbegu zako. Kwenye simu ulikuwa unaniambia sukari imesomaje kabla hujanisalimia, na mimi nakuambia maua yamefikia wapi.

Ulifariki masika ya mwaka juzi, kwa figo, baada ya kuugua muda mfupi. Mito ilikuwa imefunga barabara. Masanja aliondoka saa ileile lakini alifika wameshamaliza mazishi, na mimi sikufika kabisa. Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye matuta matupu, nikalia mpaka Milembe akaja kunitoa. Wiki iliyofuata Luhende alinipigia simu. Hatukuwa tumezungumza sana tangu siku ya beseni. Aliniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Shemeji, na mimi nimepima." Sukari yake ilikuwa imeanza kupanda. Sasa anakunywa dawa. Aliniambia hivyo tu, akakata.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike. Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara kutoka Morogoro. Alikuwa ameona mafuta yetu kwa ndugu yake, akayapenda. Kikundi chetu cha wanawake, wale uliowagawia mbegu tukawa tunatengeneza pamoja, kikaitwa, tukakaa, akatueleza kwamba atachukua kila tunachotengeneza, na atatupa vikopo vizuri vyenye karatasi ya rangi. Wenzangu walifurahi, na mimi nilifurahi. Kisha akatuonyesha maneno yatakayoandikwa. Yalisema mafuta yanatibu vidonda sugu vya aina zote, na vidonda vya kisukari, bila hospitali, bila kukatwa.

Nilimwambia maneno hayo si ya kweli. Alisema ndiyo yanayouza. Nilimwambia tuandike ngozi, visigino, watoto, midomo, hata sabuni, maana hayo yote ni ya kweli na yanatosha. Alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto, akasema mwenye visigino anaweza kusubiri, lakini mwenye kidonda hasubiri, atanunua leo. Nilimjibu kwamba hilo ndilo ninaloliogopa, kwamba atanunua leo na kesho hatakwenda hospitali. Nikawaeleza wote habari za mguu wako. Baadhi ya wenzangu waliinamisha vichwa. Mmoja, ambaye ni rafiki yangu, alisema kwa upole kwamba wana watoto wa kusomesha na kwamba Mayu alikuwa mtu mmoja tu. Simlaumu. Ada anayoilipa naijua kwa sababu na mimi nalipa.

Walio wengi wakaenda naye. Tumebaki wachache, na mbegu ni zetu sote, siwezi kumnyima mtu mbegu ulizozigawa kwa mkono wako. Vikopo vyenye karatasi ya rangi vimeshafika sokoni. Nimeviona. Ni vizuri kuliko vyetu.

Kwa hiyo wanaoniuliza nina nini, hiki ndicho nilicho nacho. Nina mama mkwe aliyetengeneza dawa nzuri na akajua inapokomea, na alilipia kujua huko kwa mwili wake. Sitaki mtu mwingine bondeni humu alipe tena kwa sababu ya jambo ambalo sisi tayari tunalijua. Ua lako naliheshimu, Mayu, ndiyo maana sitalisingizia. Likimtulizia mtoto mchubuko, likimwezesha mama kunyonyesha bila kuuma kanga, likilainisha mguu uliotoka kwenye tope, limefanya kazi yake, na kazi hiyo si ndogo.

Nimeongea na muuguzi wa kliniki ya kisukari. Amekubali kwamba kila ninayemwelekeza aje asubuhi na kuulizia chumba chake, asihangaike na foleni ndefu asikate tamaa. Masanja ameniwekea tela dogo nyuma ya pikipiki, asiyeweza kutembea nitampeleka mwenyewe. Milembe ametengeneza karatasi zetu, ameandika kwa herufi kubwa mafuta yanafaa nini na hayafai nini, na sehemu ya hayafai ameiandika kwanza.

Jumamosi natoka na meza yangu. Nimeomba nafasi mkabala na wanakouza vile vikopo vingine, na nimepewa. Sitamtukana mtu. Nitakaa kwenye kiti, na atakayekuja na mguu uliofungwa kitambaa, nitamwambia afungue nione.

Pumzika, Mayu. Kazi ninayo mimi.

Mkamwana wako,
Mama Milembe
Viwanja Sitini, Ifakara